Kondensa ya amonia: kwa nini kopa haifai, Sepuka wala baharini

Kwa miaka mingi zahanati za Tanzania zisizofikiwa na umeme zilitunza chanjo ndani ya friji inayopozwa kwa moto. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975, na friji za mafuta ya taa na za gesi ya mtungi zikasambaa vijijini zikiwa na kazi moja: kushikilia nyuzi joto kati ya 2 na 8, mchana na usiku. Katika vijiji vya maeneo kama Sepuka, wilayani Ikungi, mkoani Singida, utambi na kibiriti ndivyo vilivyoshika nafasi ya kompresa.

Leo friji za nguvu ya jua zinazirithi friji hizo kwenye chanjo, na ni jambo jema, maana moto wa utambi ni mgumu kuudhibiti. Hata hivyo friji za moto hazijatoweka. Nyingine zinapoza soda dukani, nyingine zimelala stoo, nyingine zimeishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na wakati zinaondoka vijijini, kanuni yake inawavutia wahandisi kwa kazi nyingine kabisa: boti za uvuvi, ambako joto la injini hupotea hewani kupitia ekzosi huku samaki wakiharibika kwa kukosa barafu.

Kutoka Sepuka hadi pwani ni safari ya karibu kilomita 700 kwa barabara, lakini friji ya zahanati na mtambo wa barafu wa botini vina swali moja la msingi: bomba la kondensa liwe la metali gani? Jibu linategemea mambo mawili yanayopaswa kuangaliwa kwa pamoja, yaani kinachopita ndani ya bomba na kinacholigusa kwa nje. Anayeangalia upande mmoja tu atanunua mtambo utakaomfia mapema, na huenda ukamdhuru.

Moto unavyopoza

Friji ya kawaida ya umeme hutumia kompresa kusukuma gesi. Friji ya ufyonzaji hutumia joto. Ndani yake mna amonia na maji, vitu viwili vinavyopendana sana: maji baridi hufyonza mvuke wa amonia kwa pupa, na yakichemshwa huuachia. Moto ukiwaka chini ya kichemshio, amonia hutoka ndani ya maji na kupanda juu ikiwa mvuke wa moto. Hupita kwenye kondensa, ambako hupoteza joto na kuwa kimiminika. Kimiminika hicho hushuka hadi sehemu ya kugandisha, hugeuka tena kuwa mvuke, na katika kugeuka huko hunyonya joto la chanjo au la samaki. Mwisho mvuke hurudi kwenye kifyonzio, hukutana na maji yaliyopoa, na mzunguko huanza upya.

Mfaransa Ferdinand Carré alitengeneza mtambo wa aina hii mwaka 1859. Friji ya nyumbani isiyo na pampu yoyote ilibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa uhandisi mjini Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walioongeza gesi ya haidrojeni ndani ya mabomba ili kusawazisha shinikizo. Kampuni ya Electrolux ilianza kuitengeneza mwaka 1925, na friji nyingi za mafuta ya taa zilizofika Afrika Mashariki ni za ukoo huo.

Mvuke unaogusa mfuniko wa sufuria hugeuka matone kwa sababu mfuniko umeupokonya joto. Kondensa hufanya kazi hiyohiyo, ila chini ya shinikizo kubwa. Amonia huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri katika shinikizo la kawaida la hewa. Ili iwe kimiminika kwenye nyuzi joto 40, inahitaji kubanwa kwa takriban mara 15 ya shinikizo hilo. Bomba la kondensa kwa hiyo lina kazi tatu: kupitisha joto, kuhimili mgandamizo, na kutoliwa na kemikali. Kazi ya tatu ndiyo inayosahaulika.

Kopa inavyoliwa

Fundi friji yeyote anaipenda kopa, na ana sababu. Hukunjika kirahisi, huungika vizuri kwa gesi, na hupitisha joto karibu mara nane zaidi ya chuma cha kawaida. Friji ya umeme nyumbani kwako ina mabomba ya kopa, na kiyoyozi cha ofisini vilevile. Ndiyo maana mtu akiletewa friji ya mafuta ya taa inayovuja, mkono wake huenda kwenye kopa bila kufikiri. Hapo ndipo kosa linapozaliwa.

Jaribio dogo la maabara linatosha kuonyesha hatari yake. Chukua kipande cha waya wa kopa kilichosuguliwa kikang'aa, kitumbukize kwenye chupa ya maji yenye amonia, na uache chupa wazi ili hewa iingie. Baada ya saa chache maji yaliyokuwa maangavu huanza kushika bluu kuzunguka waya. Siku inayofuata chupa nzima ni bluu iliyokolea, na waya umepoteza mng'ao wake. Ile bluu ni kopa yenyewe: imeng'olewa kwenye waya, ikashikana na amonia, ikaingia majini. Bomba la kondensa likifanyiwa hivyo huliwa polepole kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Brasi, mchanganyiko wa kopa na zinki unaotumika kutengenezea nati na vali, ni hatari zaidi kwa sababu hupasuka ghafla. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda ya risasi ya brasi yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, hasa yale yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi. Mwaka 1921 watafiti wa Uingereza walithibitisha chanzo chake: amonia, ambayo zizini hutokana na mkojo wa farasi. Metali iliyobaki na mkazo tangu kiwandani, ikikutana na amonia, unyevu na hewa, hupata nyufa nyembamba zinazoipasua. Nati ya brasi iliyokazwa kwenye bomba la amonia ina mkazo huohuo.

Zinki nayo huyeyuka katika maji ya amonia, kwa hiyo bomba la mabati haliwezi kuwa njia ya ndani, hata kama mpako wake wa zinki unalinda vizuri upande wa nje.

Chuma cha kawaida na doa la njano

Kinachobaki kwa friji ya Sepuka ni chuma cha kawaida, na viwanda vimekitumia hivyo tangu mwanzo. Ukiitazama friji ya mafuta ya taa kwa nyuma utaona mabomba meusi yaliyochomelewa pamoja na, sehemu ya juu, mapezi ya bati. Ile ndiyo kondensa. Hakuna kopa, hakuna brasi, hakuna nati ya kufungua.

Chuma chenyewe kingeshika kutu katika mchanganyiko wa maji na amonia unaochemka, na kutu hiyo ingezalisha gesi ya haidrojeni ya ziada na kuvuruga mzunguko. Watengenezaji kwa kawaida huongeza kikinga kutu, sodiamu kromati, chumvi ya rangi ya njano inayojenga ngozi nyembamba juu ya chuma. Hapa kuna ishara ambayo kila anayeishi na friji ya namna hii anapaswa kuijua. Ukiona unga au doa la njano kwenye kiungo cha bomba, na pua ikahisi harufu kali ya amonia, mtambo umetoboka. Zima moto, fungua milango na madirisha, ondoa watu, hasa watoto.

Usipeleke mtambo huo kuzibwa. Ndani yake mna haidrojeni na amonia chini ya shinikizo kubwa, na kuujaza upya hufanyika kiwandani tu. Usiukate kwa msumeno ili uuze chuma. Kromati ni sumu na husababisha saratani. Amonia hupofusha macho na kuunguza mapafu. Wanunuzi wa vyuma chakavu na vijana wanaowafanyia kazi wanastahili kuambiwa jambo hili waziwazi, kwa sababu ndio watakaozishika friji hizi mwisho wa safari yake.

Je, chuma hakipunguzi nguvu ya kupoza?

Swali hili huulizwa na kila anayejua kwamba kopa hupitisha joto vizuri kuliko chuma. Hesabu inatoa jibu lisilotarajiwa. Joto linapotoka kwenye amonia kwenda nje hupita vizuizi kadhaa: tabaka jembamba la amonia ndani ya bomba, ukuta wa bomba, uchafu ulioganda, na mwisho hewa au maji ya nje. Katika kondensa inayopozwa na hewa, kizuizi kikuu ni hewa yenyewe. Ukuta wa chuma wenye unene wa milimita 2 huchangia chini ya asilimia moja ya ukinzani wote. Ukiubadilisha kwa kopa, friji haitapoza zaidi kwa kiasi ambacho mtu anaweza kukiona.

Kinachoonekana ni vumbi. Singida ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba au Desemba hadi Aprili, na baada yake ni miezi mirefu ya ukavu na upepo. Vumbi likijaa kati ya mapezi, hewa haipiti. Nyanda hizi pia ziko juu: Singida mjini ni karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani, hivyo hubeba joto pungufu. Anayetaka friji ipoze vizuri aivute angalau sentimita 10 kutoka ukutani, aisimamishe sawasawa kwa pima maji, na apige brashi mapezi mara kwa mara wakati wa kiangazi. Kazi hiyo itamfaa kuliko metali yoyote ya bei mbaya.

Botini hesabu inabadilika

Tuchukue boti yenye injini ya dizeli ya kilowati 60, sawa na nguvu-farasi 80 hivi. Kwa kawaida karibu theluthi ya nishati ya mafuta huwa kazi ya kusukuma boti, theluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki huenda na maji ya kupozea injini. Joto lote la moshi haliwezi kuvunwa, kwa sababu moshi ukipoa mno huacha asidi na masizi ndani ya bomba. Tukichukua kilowati 25, na mtambo wa amonia ukigeuza asilimia 40 ya joto hilo kuwa ubaridi, tunapata kilowati 10 za kupoza.

Kugeuza kilo moja ya maji ya nyuzi joto 28 kuwa barafu kunahitaji kuondoa takriban kilojuli 450. Injini ikifanya kazi saa 10 kwa mzigo kamili, boti itapata karibu kilo 800 za barafu bila kuchoma tone la ziada la mafuta. Kwa mvuvi anayelala baharini, hiyo ni tofauti kati ya kuuza samaki wabichi na kuuza samaki waliolegea.

Lakini zile kilowati 25 za moshi pamoja na 10 zilizotolewa kwenye maji ya barafu, jumla 35, lazima zitolewe nje kupitia kondensa na kifyonzio. Nafasi botini ni ndogo mno kwa mapezi ya hewa. Kinachopatikana kwa wingi ni maji ya bahari, na maji hayo yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Sasa bomba lina adui wa pili upande wa nje, na maadui hawa wawili hawauawi kwa silaha moja.

Chuma cha kawaida hakina tatizo na amonia, ila maji ya bahari hukila haraka. Mchanganyiko wa asilimia 90 kopa na 10 nikeli ni rafiki wa mabaharia wa miaka mingi: huvumilia maji ya bahari, na kopa yake huwafukuza viumbe wanaojishikiza kwenye bomba. Ila kopa ni kopa, na amonia italila bomba hilo kutoka ndani. Chuma cha pua cha daraja la 316 huvumilia amonia, lakini kloridi ya bahari hukitoboa vijishimo, hasa chini ya gasketi, chini ya matope na chini ya magamba ya viumbe vya bahari, mahali ambapo maji yamesimama. Bomba linaweza kung'aa lote na kuwa na tundu moja dogo. Tundu hilo moja linatosha.

Titani ndiyo metali inayowashinda maadui wote wawili. Juu yake hujengeka ngozi ngumu ya oksidi inayojiponya ikikwaruzwa, na katika joto la kondensa ya boti maji ya bahari hayaitoboi. Amonia haiigusi. Ni nyepesi pia: uzito wake ni kama nusu ya kopa kwa ujazo uleule. Hupitisha joto vibaya, karibu mara 20 chini ya kopa, lakini hesabu ya vizuizi inaiokoa. Ukuta wa titani wa milimita 1 huchangia chini ya sehemu moja ya kumi ya ukinzani wote, kwa kuwa kizuizi kikubwa ni tabaka la maji na uchafu. Na kwa kuwa titani hailiki, bomba laweza kuwa jembamba zaidi ya hapo.

Titani ina madai yake. Ni ghali. Haina sumu ya kuwafukuza viumbe wa baharini, kwa hiyo mabomba yanahitaji chujio zuri na kusuguliwa kwa ratiba. Ikiunganishwa moja kwa moja na chuma cha kawaida ndani ya maji ya bahari, chuma hicho ndicho kitakacholiwa, tena kwa kasi. Vifuniko vya upande wa maji vipakwe mpira au epoksi, na viungo vitenganishwe kwa gasketi zisizopitisha umeme. Mpangilio mzuri ni maji ya bahari kupita ndani ya mabomba ya titani, na amonia kubaki nje yake ndani ya ganda la chuma cha kawaida ambalo haligusi chumvi kamwe. Kifyonzio nacho kifuate kanuni hiyohiyo.

Njia ya mwenye mfuko mdogo

Ipo njia nyingine, nami naiona inafaa zaidi kwa boti za kati za pwani yetu: kuwatenganisha maadui. Kondensa na kifyonzio vinakuwa vya chuma cha kawaida, na vinapozwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yenye dawa ya kuzuia kutu, yanayozunguka katika mfumo uliofungwa. Maji hayo nayo yanapozwa na bahari kupitia kipozeo cha pili cha kopa na nikeli. Amonia haikutani na kopa, chumvi haikutani na chuma. Gharama yake ni nyuzi joto chache: amonia itakuwa kimiminika kwenye joto la juu kidogo, kwa hiyo barafu itapungua kiasi. Sharti lake ni kupima maji ya mzunguko wa kati kila wiki. Kipimo kikionyesha maji yamekuwa na alkali kuliko kawaida, amonia imeanza kuvuja, na kipozeo cha kopa kiko hatarini.

Wauzaji wengine hutaja mitambo ya lithiamu bromidi, inayotumia kopa bila shida. Ni kweli, na hupoza hoteli na hospitali vizuri sana. Ila ndani yake kinachochemka ni maji, na maji huganda kwenye nyuzi sifuri. Mtambo huo unaweza kupoza chumba. Hauwezi kutengeneza barafu.

Chumvi, kwa upande mwingine, si ya bahari pekee. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai pale Singida mjini yana maji ya chumvi, na visima vingi vya ukanda huo hutoa maji yenye chumvi pia. Atakayejenga mtambo wa barafu bara na kuupoza kwa maji ya kisima apime kloridi ya maji hayo kwanza, kisha achague metali.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Nchi inaelekeza macho baharini. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, mafunzo ya uvuvi yanayotolewa na wakala wa serikali, FETA, kule Mbegani, Bagamoyo, na mipango ya uvuvi wa bahari kuu, vyote vinahitaji barafu inayotengenezwa karibu na samaki. Zabuni za mitambo hiyo zitaandikwa na watu ambao wengi hawajawahi kuona bomba la amonia likitoboka.

Kwa hiyo, wewe unayenunua, iwe ni kwa ajili ya halmashauri, chama cha ushirika cha wavuvi au boti yako mwenyewe, dai mambo manne kwa maandishi kabla ya kulipa: metali inayogusa amonia, metali inayogusa maji ya kupozea, kiwango cha kloridi ambacho metali hiyo inaruhusiwa kukutana nacho, na uthibitisho kwamba hakuna vali, nati wala kiungo chochote cha kopa au brasi upande wa amonia. Muuzaji anayejua kazi yake atajibu siku hiyohiyo. Asiyeweza kujibu, usimpe fedha yako.